Nyumba Kuukuu Igunga: Kubomoa au Kukarabati?

Msafiri atokaye Singida kwenda Nzega, akishauteremka mlima wa Sekenke na kulivuka bonde la Wembere, huona kando ya barabara ya Igunga jambo linalojirudia kijiji baada ya kijiji: nyumba kuukuu ya udongo ambamo watu wanaishi, na ubavuni pake pagale la matofali ya kuchoma lililoachwa kwenye lenta. Fedha za pamba za mwaka mmoja zilinunua matofali; za mwaka uliofuata hazikutosha mabati. Wakati huohuo nyumba inayokaliwa haitengenezwi tena, kwa kuwa mwenyewe amekwisha kuihukumu.

Hukumu hiyo aghalabu hutolewa bila ushahidi. Nyumba ya udongo huonewa haya, na haya si kipimo cha uimara. Udongo uliokaushwa hauzeeki kama mtu azeekavyo. Huharibiwa na maji, mchwa, na mwendo wa ardhi, na kila kimoja huacha alama yake.

Maji hula ukuta upande wa chini, pale matone ya mvua yanaporuka kutoka ardhini. Dawa yake si kubomoa. Paa litokeze nje ya ukuta kiasi cha sentimita 60, sehemu iliyoliwa ijengwe upya kwa mawe au matofali ya kuchoma, na maji yachimbiwe mfereji.

Kwa mchwa yapasa kuwa mwangalifu zaidi. Katika tembe la asili, paa bapa la udongo hubebwa na nguzo, nazo huliwa pale zinapoingia ardhini, mahali pasipoonekana. Zichomwe kwa ncha ya kisu. Kisu kikizama kama katika muhogo uliopikwa, nguzo imekwisha. Paa la udongo lililolowa huwa zito mno, na likianguka huua. Hapo hapana mjadala: lishushwe kabla ya mvua za Novemba. Kuta zaweza kubaki, lakini awekaye mabati juu yake akumbuke kwamba kazi imegeuka. Paa la udongo lilitaka kuanguka. La mabati hutaka kuruka. Lifungwe kwa waya zilizozamishwa chini sana ndani ya ukuta, kwani mbao zilizopigiliwa misumari juu ya udongo hazishiki kitu.

Sababu ya tatu ndiyo inayopaswa kuamua. Wakulima wa Usukuma na Unyamwezi wametofautisha tangu zamani luseni, yaani udongo wa kichanga wa miinuko, na mbuga, udongo mweusi wa mabondeni. Mpangilio wa namna hiyo, wa udongo kubadilika kufuata mteremko, ndio ambao Geoffrey Milne wa kituo cha Amani aliuita katena katika miaka ya 1930. Mkulima alikuwa akiutumia pasipo jina hilo. Madini ya mfinyanzi yaliyomo katika udongo wa mbuga humeza maji kati ya tabaka zake na kuvimba. Kiangazi hunywea, na ardhi ikapasuka. Nyumba iliyo juu yake huinuliwa na kushushwa kila mwaka, na ufa huanzia pembe ya dirisha ukapanda mshazari. Wakati wa Operesheni Vijiji, kati ya 1973 na 1976, mara nyingi nyumba zilipangwa kwa mistari kando ya barabara, wala udongo haukuulizwa.

Basi ufa upimwe. Ncha zake ziwekewe alama ya penseli na tarehe, na upana uandikwe mwishoni mwa mvua na mwishoni mwa kiangazi. Ufa usiobadilika ni kovu: uzibwe kwa udongo wa aina ileile, si kwa saruji, ambayo hubanduka na kuficha unyevu ukutani. Ufa unaofunguka na kufunga ni mbuga inayopumua, na hapo kukarabati ni kupoteza fedha.

Lakini kujenga upya katika kiwanja kilekile ni kuzipoteza zaidi, maana matofali magumu nayo yatapasuka. Afadhali kuhamia kwenye luseni, hata kama ni mbali na barabara. Na huko kwenye luseni si lazima kuwasha tanuri linaloteketeza miti ya miombo: udongo wa kichanga uliochanganywa na saruji asilimia 5 hadi 10 na kushindiliwa kwa mashine ya mkono hutoa tofali zuri lisilochomwa. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi ulihimiza matofali ya kufungamana ya aina hiyo.

Shule haihitaji maabara kwa kazi hii. Penseli, rula na daftari vyatosha, na kuta za madarasa yenyewe zaweza kuwa za kwanza: alama zichorwe mwezi Aprili, na vipimo virudiwe Oktoba.