Macho Mekundu ya Bibi

Msomaji mpenzi, wewe uliyezaliwa pande za Shinyanga au Geita, hapana shaka wamkumbuka bibi yako kwa michembe aliyokufichia. Je, wayakumbuka na macho yake? Yalikuwa mekundu. Zamani misitu ya Usukuma ilifyekwa ili mbung'o watoweke, tena mashamba ya pamba yakaongezeka. Kuni zikawa haba, na akina mama wakapikia samadi kavu ya ng'ombe. Moshi wake ni mkali mno, nao ndio uliomchoma macho miaka yote aliyokusongea ugali.

Basi, macho hayo hayo watu waliyaita alama ya uchawi! Tangu 1970 hata 1984 waliuawa kwa tuhuma hiyo watu 3,693 katika Tanzania, nao 2,286 walikuwa wanawake. Wengi walikuwa wa Usukuma. Mpiga ramli hakuuliza jikoni kunawaka nini.

Kwa hiyo utakapowasimulia wajukuu habari za bibi siku ya matanga, usiishie kusema alikuwa mpole. Waambie alipikia nini, na macho yake yalikuwaje, na kwa sababu gani. Na kama yu hai bado, mjengee jiko lenye dohani kabla mvua hazijaanza.