WALIBERALI WA INDIA, TOKENI SEBULENI!

Ndugu msomaji, tusidanganyane. Mtu akipigwa mweleka mara moja anaweza kusema aliteleza. Akipigwa mara tatu mfululizo na mtu yule yule, kisha akabaki anajifuta vumbi na kuulaumu uwanja, huyo anahitaji rafiki wa kumwambia ukweli.

Huko India mambo ndiyo hayo. Mwaka 2014 chama cha Congress, kile kile cha Gandhi na Nehru, kiliambulia viti 44 kati ya 543. Mwaka 2019 kikapata 52. Kwa desturi ya Bunge lile, chama kinatakiwa kiwe na asilimia 10 ya viti ndipo kiongozi wake atambuliwe kuwa Kiongozi wa Upinzani. Congress hawakufika. Chama kilichomng'oa Mwingereza kikakosa hata kiti rasmi cha kulalamikia! Mwaka 2024 wakapanda hadi 99, wapambe wakapiga vigelegele, lakini aliyeapishwa kuwa Waziri Mkuu alikuwa Narendra Modi wa BJP, kwa mara ya tatu.

Ninaposema waliberali sina maana ya Congress peke yao. Nina maana ya wote wanaoamini kwamba serikali haina dini, kwamba Mwislamu wa Lucknow na Mhindu wa Varanasi ni raia sawa, kwamba gazeti liachwe liandike na hakimu aachwe ahukumu. Watu hawa wapo wengi India. Wamesoma, wanaandika vizuri, wanajua kuzungumza. Na hapo hapo ndipo ugonjwa wao ulipo.

Maana baada ya kila kipigo husikii wakiuliza, "Tulikosea wapi?" Unasikia: wananchi wamedanganywa, wananchi wamelewa udini, vyombo vya habari vimenunuliwa. Sikatai, mengine ni kweli. Kituo cha televisheni cha NDTV, kilichokuwa kikiisema serikali, kiliingia mikononi mwa tajiri Gautam Adani mwaka 2022. Lakini, msomaji, umewahi kuona mpiga kura aliyeitwa mjinga asubuhi akakupigia kura jioni?

Tuanze na hesabu, kwa sababu hesabu haina itikadi. Mwaka 2014 BJP walipata asilimia 31 tu ya kura, lakini walizoa viti 282 na kuunda serikali. Iliwezekanaje? Kwa sababu India, kama sisi, walirithi kwa Mwingereza ule mtindo wa anayeongoza kwa kura ndiye mbunge, hata kama waliomkataa ni wengi kuliko waliomtaka. Wapinzani wakigawana kura, mwenye theluthi moja anachukua nyumba nzima. Hili halihitaji profesa.

Hata hivyo msidhani BJP waliokota ushindi njiani. Mwaka 1984 walipata viti viwili Bunge zima. Viwili! Congress walikuwa na zaidi ya 400. Kama magazeti ya Delhi yangekuwa na makaburi, BJP ingezikwa siku ile. Lakini nyuma yao kulikuwa na RSS, jumuiya iliyoanzishwa Nagpur mwaka 1925, ambayo vijana wake hukutana uwanjani mtaa kwa mtaa, uchaguzi uwepo usiwepo. Wakifiwa wanafika. Mafuriko yakija wanafika. Mwaka 1989 viti vikawa 85, mwaka 1991 vikawa 120. Siipendi sumu waliyoipanda. Msikiti wa Babri kule Ayodhya ulibomolewa mchana kweupe Desemba 6, 1992, na damu nyingi ikamwagika. Lakini kazi ni kazi. Walitembea wakati wenzao wakinywa chai katika mabaraza ya waheshimiwa.

Sasa nikusimulie habari ya tembo, na usicheke.

Indira Gandhi alitangaza hali ya hatari Juni 1975. Aliwatia wapinzani ndani, akaziba midomo ya magazeti, na wanaume maskini wakasukumwa kufungwa uzazi. Machi 1977 wananchi walimwondoa. Alipoteza hata kiti chake mwenyewe cha Rae Bareli. Watu wakasema mama huyu amekwisha. Mwaka ule ule, katika kijiji cha Belchi, jimbo la Bihar, watu 11 waliuawa kikatili, wengi wao Dalit, yaani wale ambao tabaka za juu ziliwaona najisi. Mawaziri wapya walikuwa na shughuli nyingi za kugombea vyeo. Indira akaondoka Agosti kwenda Belchi. Barabara zilikuwa matope matupu, magari yakakwama. Akapanda tembo, akavuka maji, akafika kwa wafiwa usiku, akakaa nao.

Simsifu. Aliyefunga magazeti si mwalimu wangu wa uhuru. Lakini waliomshinda, wale wa Janata, walikuwa ndio wapenda uhuru wa wakati ule, na walifanya nini na ushindi wao? Waligombana. Morarji Desai akaanguka mwaka 1979, Charan Singh akashika miezi michache, na Januari 1980 yule mama wa tembo akarudi Ikulu kwa viti zaidi ya 350. Katika kampeni hizo alizungumzia sana bei ya kitunguu. Ndiyo, kitunguu! Mwaka 1998 BJP nao walipoteza serikali ya Delhi kitunguu kilipopanda bei, na Sheila Dikshit wa Congress akaongoza jiji lile miaka 15.

Kwa hiyo waliberali wakiniuliza mimi walalahoi wa India wanataka nini, nitawaambia waende sokoni kwanza. Mwaka 2004 BJP walijipamba kwa kaulimbiu kwamba India inang'ara. Mkulima akatazama shamba lake, hakuona kinachong'ara, akawatoa. Serikali iliyofuata ikapitisha mwaka 2005 sheria ya kumhakikishia kila kaya ya kijijini siku 100 za kazi za kibarua kwa mwaka, na nyingine ya kumpa raia haki ya kudai taarifa za serikali. Hizo ndizo sera za kiliberali zilizoingia tumboni na kichwani kwa pamoja. Mwaka 2009 Congress wakarudishwa wakiwa na viti vingi zaidi. Kilichowamaliza baadaye ni kashfa za rushwa na kulewa madaraka.

Jambo la pili linawachoma, lakini lazima lisemwe: dini. Baadhi ya wasomi wa Delhi wakimwona mtu anakwenda hekaluni, tayari wamemhesabu kwa Modi. Huo ni upuuzi. Gandhi alipigwa risasi Januari 30, 1948 akiwa njiani kuelekea kwenye sala, na aliyemuua alikuwa Mhindu mwenzake mwenye siasa za chuki. Ukimwachia mwenye chuki hekalu lote, umempa kura za bibi mzee ambaye hana ugomvi na jirani yake Mwislamu.

Ushahidi upo, tena Ayodhya yenyewe. Januari 22, 2024 Modi alizindua hekalu kubwa la Rama pale ulipokuwa msikiti. Miezi michache baadaye, katika kiti cha Faizabad ambamo Ayodhya imo, BJP wakaangushwa na Awadhesh Prasad wa chama cha Samajwadi. Mzee huyu ni Dalit, na kiti kile hakikutengwa kwa ajili ya Dalit. Wapiga kura walikuwa na malalamiko ya nyumba na maduka yaliyobomolewa kupisha barabara, na hofu kwamba Katiba ya Ambedkar ingechezewa BJP wakipata viti 400 walivyokuwa wakitamba. Hawakuacha kumwabudu Rama hata siku moja.

Na wakulima? Septemba 2020 serikali yenye wabunge 303 wa chama chake ilipitisha sheria tatu za masoko ya mazao bila kuwasikiliza wakulima. Wakulima wa Punjab, Haryana na magharibi ya Uttar Pradesh wakaja na matrekta, wakapiga kambi mipakani mwa Delhi, wakapika, wakala, wakalala barabarani kwenye baridi kali zaidi ya mwaka mzima. Novemba 19, 2021 Modi alitangaza mwenyewe kuzifuta. Wabunge 52 wa Congress wasingeweza hilo hata wangepiga kelele mpaka sauti zikauke.

Rahul Gandhi, naona, alijifunza kidogo. Septemba 2022 alianza kutembea kwa miguu kutoka Kanyakumari kusini hadi Kashmir, kiasi cha kilomita 4,000. Mwaka 2023 vyama zaidi ya 20 vikaungana. Matokeo ya Juni 2024: BJP wakashuka hadi 240, wakalazimika kutawala kwa kubebwa na washirika.

Halafu? Wakarudia ule ule wa Janata! Nitish Kumar, aliyewakaribisha wenzake Patna kuanzisha umoja, alikuwa amekwisha kuhamia kwa Modi hata kabla ya kura kupigwa. Haryana, Oktoba 2024, Congress walijiona wameshinda, hawakuungana na AAP, wakashindwa kwa tofauti isiyofika asilimia moja ya kura. Delhi, Februari 2025, ndiyo aibu yenyewe. Arvind Kejriwal wa AAP aliangushwa kwa kura 4,089. Mgombea wa Congress katika kiti hicho hicho alipata zaidi ya 4,500. Mgombea huyo ni mtoto wa Sheila Dikshit, ambaye Kejriwal alimwangusha hapo hapo mwaka 2013. Mmoja alilipa kisasi, mwingine alipata somo, BJP walipata jiji.

Bihar, Novemba 2025, muungano wa Modi ulichukua viti 202 kati ya 243. Wapinzani wanalalamikia daftari la wapiga kura, ambamo majina kama milioni 6.5 hayakuonekana kwenye rasimu ya Agosti, na rupia 10,000 walizotumiwa akina mama wengi kuelekea uchaguzi. Malalamiko hayo yana uzito, na takrima ni takrima hata ikiitwa mtaji. Lakini jina lililofutwa Agosti linatetewa Agosti, na mtu wa chama anayeijua nyumba ile. Congress walikuwa na watu wangapi wa namna hiyo Bihar? Walipata viti sita.

Nao wanaye mmoja wa kumtazama. Amethi, ambako Rahul mwenyewe aliangushwa na Smriti Irani mwaka 2019, mwaka 2024 hawakumsimamisha mtu wa ukoo. Walimsimamisha Kishori Lal Sharma, mfanyakazi wa chama aliyekuwa akishughulikia shida za watu wa eneo lile kwa miongo, bila gari la king'ora. Magazeti makubwa yaliuliza ni nani huyu. Alimshinda waziri kwa kura zaidi ya 160,000.