Mtoto Anapochechemea Baada ya Mpira

Sisi akina mama wa pwani tunaujua mpira wa jioni. Kisiwani Songo Songo, wilayani Kilwa, kama katika vijiji vingine vya pwani, wavulana hucheza pekupeku mchangani hadi giza liingie. Asubuhi mmoja anaamka akitembea kwa ncha za vidole. Akitumwa maji anachechemea, nasi tu wepesi wa kusema, "Jana ulikimbia, leo kazi huiwezi?" Mara nyingi tunamwonea.

Tumshike mguu. Nyuma, juu ya kisigino, ipo kano nene inayounganisha shavu la mguu na mfupa wa kisigino. Kwa mtoto wa miaka 8 hadi 14 mfupa huo haujakomaa. Pale kano iliposhika pana gegedu laini. Anaporefuka upesi, mifupa hutangulia na misuli huchelewa, hivyo kano huivuta gegedu kila akimbiapo. Mchanga laini huongeza kazi hiyo, kwani kisigino huzama. Tukimbana kisigino pande zote mbili naye akashtuka, yaelekea shida ni hiyo. Kwa kijana mkubwa zaidi, kano yenyewe huuma na kukaza asubuhi.

Tusimkande kwa nguvu wala kumvuta mguu. Dawa kubwa ni kupumzika: aache mpira majuma kadhaa, kisha arudi kidogo kidogo. Barafu iliyofungwa kitambaani, dakika 10 hadi 15, hutuliza. Viatu vilivyoinuka kidogo kisiginoni humsaidia. Maumivu yakipungua aegemee ukuta, mguu mmoja nyuma, kisigino chini, anyooshe shavu la mguu polepole. Mfupa ukikomaa, maumivu ya gegedu huisha.

Lakini akiwa na homa, kisigino kikivimba na kuwa cha moto, au maumivu yakimwamsha usiku, tusingoje. Huenda ni maambukizo ya mfupa, hasa kwa mwenye selimundu. Vilevile akisikia kishindo nyuma ya mguu na kushindwa kusimama kwa vidole, huenda kano imekatika. Hayo yalimpata David Beckham Machi 2010, akakosa Kombe la Dunia la Afrika Kusini. Kutoka kisiwani hadi hospitali ni safari ya chombo. Basi twende zahanati mapema.

Na kabla ya kumkaripia, tumwulize kwanza: "Mwanangu, unaumwa wapi?"