Kiatu cha rahisi ni mzigo kwa mwenye mshahara

Shule zinapofunguliwa mwezi Januari, mvua huwa zimekwisha kukolea katika pwani ya Mtwara. Msimu wa mvua huko Kusini ni mmoja tu kwa mwaka. Huanza Novemba au Desemba na kwisha Aprili. Ndio msimu ambao mwalimu wa Mikindani hukanyaga tope kila siku: kutoka nyumbani hadi shuleni, kutoka shuleni hadi ofisi ya kata, na siku nyingine hadi Mtwara mjini, mwendo wa kilomita kumi hivi, kufuatilia madai yake. Ifikapo Februari si ajabu kumwona mtu huyo, mwenye cheti chake na heshima yake mbele ya darasa, amevaa kiatu kilichoachama mbele kama mdomo wa samaki. Wala hakukosa fedha za kununua kiatu. Alikinunua Desemba, na kabla ya Pasaka atanunua kingine cha namna ile ile.

Jambo hili linastahili kufikiriwa na watumishi wa umma kwa makini kuliko linavyofikiriwa sasa. Viatu na makoti ya wanaume huhesabiwa pamoja na sabuni na kiberiti, yaani vitu vya kutumika na kwisha, badala ya kuhesabiwa kuwa ni vyombo vya kazi vinavyotakiwa kudumu kwa miaka. Baiskeli hununuliwa kwa mashauri. Mnunuzi hugonga fremu, huzungusha gurudumu, huita na mwenzake aje kutazama. Kiatu hununuliwa kwa kutazama rangi na kuuliza bei ya mwisho.

Ichukuliwe kwa mfano tu kwamba kiatu cha rahisi kinauzwa shilingi 25,000 na kinadumu miezi minne. Kwa mwaka mmoja mfanyakazi atanunua jozi tatu kwa shilingi 75,000, na kwa miaka minne atakuwa ametoa shilingi 300,000. Mwenzake aliyetoa shilingi 120,000 mara moja kwa kiatu cha ngozi kilichoshonwa, kisha akakibadilisha soli mara mbili kwa shilingi 20,000 kila mara, atakuwa ametumia shilingi 160,000 kwa muda ule ule. Bei za madukani hupanda na kushuka, lakini mwendo wa hesabu haubadiliki. Tena yule wa kwanza, licha ya kutoa fedha karibu mara mbili, ametembea na soksi zilizolowa kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo.

Kwa nini kiatu kimoja kidumu na kingine kife? Siri kubwa iko pale ambapo soli inakutana na ngozi ya juu. Viatu vingi vya rahisi vimegundishwa kwa gundi peke yake. Joto la mchana likiilegeza gundi hiyo, na maji ya mvua yakaingia, soli huanza kuachia kwenye vidole, mahali kiatu kinapokunjwa kwa kila hatua. Fundi anaweza kuigundisha tena mara moja au mbili, basi. Kiatu kilichoshonwa kina uzi unaopita katika ukanda wa ngozi ulioshikamana na sehemu ya juu. Soli ikilika, fundi hukata uzi, huweka soli mpya na kushona upya, na sehemu ya juu huendelea na maisha yake. Ngozi yenyewe nayo haifanani. Ngozi halisi hunyooka na kupumua. Kile kinachoitwa ngozi katika meza nyingi za sokoni ni kitambaa kilichopakwa plastiki, na kikikunjwa kwa miezi michache hupasuka na kubanduka kama rangi ya ukuta wenye unyevu.

Liko na jambo jingine ambalo watu wa pwani wamelishuhudia bila kuelezwa sababu yake. Mtu huhifadhi viatu vyake vizuri kabatini, anavitoa siku ya arusi, na kabla hajafika ukumbini soli inamomonyoka kama mkate mkavu. Hakuna aliyemroga. Soli nyingi nyepesi za sponji zimetengenezwa kwa poliyurethani, na aina nyingi za poliyurethani huoza polepole kwa unyevu wa hewa na joto hata zisipokanyaga ardhi. Hewa ya Mikindani ina joto na unyevu kwa wingi. Viatu vya namna hiyo vilivyokwisha kukaa miaka kadhaa katika maghala ya ng'ambo, kisha vikasafiri baharini, hufika sokoni vikiwa vimebakiza siku chache tu. Soli ya mpira halisi au ya ngozi haina ugonjwa huo.

Kwa hiyo mnunuzi hana budi kujifunza kukikagua kiatu kama anavyoikagua baiskeli. Akikunje kwa mikono miwili na kutazama kama kuna ufa kati ya soli na ngozi. Atafute mshono ukingoni mwa soli, kisha auvute kidogo, kwa kuwa viwanda vingine huchora mshono wa bandia juu ya plastiki ili kumhadaa mteja. Aibonyeze ngozi kwa kidole gumba: ngozi halisi hufanya vikunjo vidogo vidogo na kurudi, plastiki hubonyea tu. Atazame ukingo uliokatwa ndani ya kiatu. Ngozi huonyesha nyuzinyuzi, bandia huonyesha kitambaa. Anusapo, pua haidanganywi kwa urahisi. Muuza duka akinuna, na anune.

Kiatu chema nacho kinadai haki yake. Ngozi hunywa jasho la mguu mchana kutwa na huhitaji siku nzima kukauka, ndiyo maana mwenye jozi mbili za kupokezana huzivaa kwa muda mrefu kuliko wawili wenye jozi moja moja. Kikilowa, kisianikwe juani wala kuwekwa karibu na jiko, kwa kuwa ngozi ikikaushwa kwa nguvu hukakamaa na kupasuka. Kijazwe karatasi za gazeti la jana (nalo litakuwa limefanya kazi ya pili), kiwekwe kivulini penye upepo. Chumvi ya bahari ikiacha mstari mweupe, ipanguswe kwa kitambaa chenye maji safi, kisha kiatu kipakwe mafuta kidogo na rangi. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Wenyeji wa Mikindani wanaweza kuutazama ukweli huo juu ya kilima, kwenye Boma lililojengwa na Wajerumani mwaka 1895, ambalo lisingekuwa hivi lilivyo leo kama lisingekarabatiwa mwishoni mwa karne iliyopita.

Kuhusu koti, wako watakaosema kwamba joto la Mtwara halihitaji koti. Hao wamewasahau wazee wa Mikindani, ambao kwa kanzu, kofia, koti na makubazi wamekuwa na vazi kamili la heshima tangu zamani. Koti la mzee wa namna hiyo lilikatwa na fundi, likatiwa bitana, likavaliwa Ijumaa na sikukuu kwa miaka mingi, na pengine likarithiwa. Makubazi nayo ni ngozi iliyoshonwa kwa mkono, inayoweza kushonwa tena. Hapo pwani imekuwa na elimu ya mavazi yanayodumu muda mrefu kabla ya meli za mitumba kutia nanga.

Mtumishi wa leo anahitaji koti la aina mbili. La kwanza ni la mvua. Vile vikoti vya plastiki nyembamba hupasuka kwapani wiki ya kwanza, na vingine visivyopasuka humlowesha mvaaji kwa jasho lake mwenyewe. Koti la mvua la kufaa lina kitambaa kizito, lina matundu ya hewa chini ya kwapa, na mishono yake imefunikwa kwa ndani, maana maji hupita katika tundu la sindano kabla ya kupita penginepo. La pili ni koti la kazi, liwe la suti au lile vazi lililopewa jina la Rais Kenneth Kaunda wa Zambia, Kaunda suti, ambalo kwa hali ya hewa ya Kusini lina akili zaidi kuliko tai. Uzuri wa kushonesha ni kwamba fundi mwaminifu hukiloweka kitambaa kwanza ili kinywee kabla ya kukatwa, na huacha ziada ndani ya mishono ili nguo ipanuliwe mwenyewe akinenepa. Nguo ya dukani ya bei ya chini haiachi hata kidole kimoja cha ziada.

Vijana wa bodaboda wao wamekwisha kulitambua hitaji la koti, kwani upepo wa kusi alfajiri si mchezo juu ya pikipiki. Lakini wanavaa makoti mazito ya mitumba yaliyoshonwa kwa ajili ya theluji ya Ulaya, na kufika adhuhuri wakiwa wamechemka. Fundi atakayewashonea koti jepesi la turubai laini linalozuia upepo atapata wateja wengi kuanzia Mikindani hadi kando ya Ruvuma.

Tanzania iliwahi kulifikiria suala la viatu kwa ukubwa, na ikajikwaa. Kampuni ya viatu ya Bata ilikuwa miongoni mwa makampuni ambayo taifa lilichukua hisa nyingi baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967, na baadaye viatu vya Bora vikajulikana nchi nzima. Kisha, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kikajengwa Kiwanda cha Viatu cha Morogoro. Kilikusudiwa kutengeneza mamilioni ya jozi kwa mwaka, kutosheleza nchi na kuuza sehemu kubwa zaidi Ulaya. Jengo lake lilikuwa la mabati lisilo na njia za kutosha za hewa, kana kwamba Morogoro ni nchi ya baridi. Uzalishaji wake haukufikia hata asilimia 5 ya uwezo uliokusudiwa, na mwaka 1990 ukasimama. Kosa halikuwa kutaka kutengeneza viatu. Kosa lilikuwa kuukimbilia mguu wa Mzungu kabla ya kuuvisha vyema mguu wa mwalimu wa Masasi na karani wa Newala.

Leo nchi ina ng'ombe zaidi ya milioni 30. Njombe kuna miwati, ambayo magome yake hutoa dawa ya kusindikia ngozi, na kampuni ya kuisindika imekuwapo huko tangu 1949. Moshi kuna kiwanda cha Karanga, cha ubia wa Jeshi la Magereza na mfuko wa PSSSF, kinachotengeneza viatu vya ngozi. Kinachopungua ni mteja anayejua tofauti na aliye tayari kuilipia. Viongozi wa Afrika Mashariki walipoazimia mwaka 2016 kuondoa mitumba hatua kwa hatua, Marekani ilitishia kuwanyima nafasi ya soko lake. Wengine wakarudi nyuma, Rwanda ikashikilia msimamo na mwaka 2018 ikapoteza nafuu ya kuuza nguo huko bila ushuru. Hata hivyo haki isemwe: katika rundo la mitumba mara nyingine hupatikana kiatu cha ngozi kilichoshonwa vizuri kuliko vyote vilivyo dukani. Anayekijua akakichagua hana la kulaumiwa. Adui mkubwa zaidi ni kile kipya chenye kung'aa, kinachozungushwa mitaani mabegani mwa wachuuzi. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Wako pia wanaodhani kwamba kujali kiatu ni ulimbwende usiomfaa mtumishi. Dhana hiyo ina historia. Operesheni Vijana, iliyotangazwa na Umoja wa Vijana wa TANU mwaka 1968 na kuanza Januari 1969, ilipiga vita sketi fupi, mawigi, dawa za kujichubua na suruali za kubana. Ilihoji mavazi yanafanana na ya nani. Haikuhoji yameshonwaje na yatadumu kwa muda gani, na swali hilo ndilo ambalo lingemsaidia mfanyakazi zaidi.

Pingamizi lenye uzito ni moja tu: shilingi 120,000 kwa mara moja ni fedha nyingi kwa mwalimu mwenye ada za watoto na wazazi wa kuwatunza. Ni kweli tupu. Umaskini humlazimisha mtu kununua ghali kwa vipande vidogo vidogo. Lakini njia zipo. Wanawake kwa miaka mingi wamecheza upatu wakanunua majiko, makabati na vitambaa, na wanaume wakawacheka. Walimu kumi na wawili wa shule moja wakichanga shilingi 10,000 kila mmoja kwa mwezi, kila mwezi mmoja wao atapata 120,000 za jozi ya maana, na kwa mwaka mmoja ofisi nzima ya walimu itakuwa imevaa. Vyama vya akiba na mikopo vinavyowakopesha wanachama kwa ajili ya televisheni haviwezi kushindwa na jozi ya viatu.

Halmashauri nazo zina sehemu yake. Hununua viatu na makoti ya mvua kwa ajili ya walinzi, wahudumu na watu wa usafi, na mara nyingi bei ya chini ndiyo inayoshinda zabuni. Katika maandishi ya zabuni ijayo na itajwe kwamba soli iwe imeshonwa, ngozi iwe halisi, mishono ya koti iwe imefunikwa, na muuzaji awe na soli za akiba ambazo fundi wa Mikindani ataweza kuzinunua moja moja.