Kiasi si Dhiki

Wako watu wema waendao Kibera siku moja katika mwaka, wakaingia katika chumba ambamo mume, mke na mtoto hulala, hupika na kusali, kisha wakarudi makwao wakisema, "Laiti sisi nasi tungeridhika na kidogo kama wale!" Maneno hayo yana utamu wa asali, na aghalabu husemwa na watu wampendao Mungu. Walakini si ya kweli, na kwa kuwa ninyi wanafunzi mtayasikia mara nyingi, pengine hata mimbarini, napenda kuyapinga mbele yenu.

Kiasi ni tendo la hiari. Mtu awezaye kununua viti sita akanunua viwili, huyo ana kiasi. Mtu asiye na kiti kwa sababu hana fedha, huyo hana kiti, basi. Afungaye saumu na akosaye chakula wote wawili wana njaa, lakini wa kwanza anajua saa ya kufungua. Kumsifu wa pili kwa ibada ya wa kwanza ni kumdhihaki.

Nakijua chumba kimoja cha namna hiyo, huko Gatwekera katika Kibera: futi kumi kwa kumi, kuta za udongo na paa la mabati. Waliokipanga walikuwa vijana wawili, mume fundi wa kuunda vitanda kando ya barabara ya Ngong, mke mshonaji. Walikuwa na kitanda, stovu ya mafuta ya taa, mitungi miwili ya maji, na Biblia iliyofungwa ndani ya nailoni kwa sababu bati lilivuja. Katikati ya chumba mke alitundika pazia la kitenge, upande huu pakawa sebule na upande ule pakawa mahali pa kulala. Kila mgeni alilisifu pazia lile. Mimi pia nililisifu. Lakini hakuna mgeni aliyekaa mpaka usiku, akamwona mume akiamka saa nane kumsindikiza mkewe chooni, tochi mkononi, kwa kuwa choo kilikuwa mbali na njia haikuwa salama. Mtu akiniambia kwamba hayo ni maisha mepesi, namwomba ayaishi mwezi mmoja wa masika.

Tena dhiki ni ghali. Taarifa ya Umoja wa Mataifa juu ya maendeleo ya binadamu ya mwaka 2006 ilionyesha kwamba mkaaji wa vijiji maskini vya Nairobi hulipia kipimo kile kile cha maji mara tano hata kumi ya bei alipayo mkaaji wa mitaa ya matajiri. Anunuaye kwa mtungi humlipa mchuuzi, na mchuuzi naye ana faida yake. Mwenye mfereji ndani ya nyumba hupata maji kwa bei ya mji. Huyo wa mtungi akioga kwa kikopo, tumwite mwenye kiasi?

Na kuta zile hazikubaki za udongo kwa kuwa wenyeji hupenda udongo. Ardhi ya Kibera ilitengwa na serikali ya kikoloni mwaka 1918 kwa askari Wanubi na jamaa zao, lakini hati ya ardhi, nayo ya ekari 288 tu, jamaa za Wanubi waliipata mwaka 2017. Mwaka uliofuata, mwezi wa Julai, matingatinga yalibomoa nyumba ili kupisha barabara ya kutoka Ngong kwenda Lang'ata, na maelfu ya watu wakalala nje. Nani atajenga kwa mawe mahali ambapo kesho aweza kuondolewa?

Mtu atanijibu kwamba Yesu mwenyewe hakuwa na mahali pa kulaza kichwa. Ni kweli, lakini na asome pia waraka wa Yakobo, sura ya pili, aone anavyokemewa yule amwagaye nduguye mwenye njaa kwa maneno mema bila kumpa kitu. Na asiyetaka kusoma waraka na asome Katiba ya Kenya ya mwaka 2010: kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya makao ya kutosha na maji safi, na cha 45 kinaiita familia msingi wa jamii, ipasayo kulindwa na Dola. Sikuona humo neno lisemalo kwamba familia ya Kibera imekwisha kuridhika.

Je, kiasi hakina mahali kwa maskini? Kinapo, pale alipo na hiari. Na hapa nawageukia vijana wenyewe, nao wasikasirike. Fundi yule na mshonaji yule waliishi pamoja miaka miwili bila kubarikiwa kanisani, kila Jumapili wakiona haya, kwa sababu kamati ya harusi ilikuwa bado inachangisha. Ilitaka mahema, magari manne, keki ya ngazi tatu na sare za wasimamizi. Nani aliyataka hayo? Si Mungu, na si serikali, ambayo katika Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 haitaji keki. Inataka mashahidi wawili. Wangapi katika mji huu wamezaa na kusomesha kabla ya kufika madhabahuni, wakingoja fedha za karamu ya saa sita!

Hatimaye wawili wale waliivunja kamati. Walibarikiwa siku ya Alhamisi asubuhi, bibi arusi amevaa gauni alilolishona mwenyewe, tukanywa chai kwa mandazi nyuma ya kanisa. Akiba waliyokuwa nayo ililipa amana na kodi ya miezi mitatu ya chumba cha mawe huko Kawangware, chenye mfereji uani na choo hatua kumi kutoka mlangoni. Mkokoteni mmoja ulitosha kuhamisha vyombo vyote. Pazia lilikwenda pia, nalo sasa liko dirishani.

Mjomba wake bwana arusi, aliyekuwa mwenyekiti wa kamati, hajawasamehe hadi leo.