“Taarifa haitoshi”: na kwa nini hamkuuliza?

Mwezi uliopita nilikuwa Sosiot, kaunti ya Kericho, kwa mzee mmoja mkulima wa chai. Chai ya huko si ngeni kwetu Pwani. Mnada wake uko Mombasa tangu 1969. Mzee akipimiwa majani kituoni kwa mizani ya kielektroniki, hupewa risiti, kisha ujumbe wa simu. Siku moja alipata risiti ya kilo 23, ujumbe haukuja, na mwisho wa mwezi kilo hizo hazimo. Kilo ikipotea hivyo humpunja mkulima mara mbili, kwenye malipo ya mwezi na kwenye bonasi.

Alituma malalamiko: “Kilo zangu hazionekani.” Baada ya siku mbili akajibiwa: “Taarifa haitoshi. Ombi limefungwa.”

Kampuni siitaji, kwani ugonjwa huu si wa mmoja. Juni 2023 serikali ilizindua huduma zaidi ya 5,000 kwenye eCitizen. Mwezi uliofuata wadukuzi wakaushambulia mtandao huo, na wananchi walichoweza kusema ni “haifunguki”. Aliyesahau nywila, aliyeishiwa bando na aliyekumbwa na shambulio, wote hulia kwa neno hilo hilo moja.

Kwa haki, fundi wa programu si mpiga ramli. Ili arekebishe kosa anahitaji kulifanya litokee tena mbele yake, na “haionekani” peke yake haimpi pa kuanzia. Lakini makanika wa Mombasa akiambiwa “gari limekufa” hafungi gereji akaenda zake. Huuliza: lilizimika ghafla au lilikohoa kwanza? Taa ipi iliwaka? Mwenye gari haijui injini, ila majibu hayo anayo.

Mzee wa Sosiot naye alikuwa nayo. Risiti zake zote huziweka ndani ya kopo: tarehe, saa, namba ya mizani. Hakuna aliyemwuliza.

Tusione ni jambo dogo. Shirika la posta la Uingereza lilitumia programu ya hesabu iitwayo Horizon. Lee Castleton, msimamizi wa tawi la Bridlington, aliipigia simu huduma ya msaada mara 91 akisema hesabu hazilingani. Akashtakiwa yeye, na 2007 mahakama ikamwamuru alipe gharama za pauni 321,000, akafilisika. Wenzake zaidi ya 900 walitiwa hatiani, wengine wakafungwa jela, na wengi walikuwa wameambiwa ni wao peke yao wenye tatizo. Malalamiko yakifungwa moja moja, nani atagundua kwamba yote yanatoka mlango mmoja?

Dawati la msaada liwache ombi wazi na limwulize mtu, kwa Kiswahili au Kipsigis, mambo matatu tu: ulifanya nini, ulitarajia nini, ukaona nini. Simu ya dakika tano.

Jioni ile nilikaa na mzee tukaandika upya, tukataja namba ya risiti, saa na mizani. Siku ya nne kilo zake zikaonekana. Mizani ilikuwa imezituma kwa tarehe ya jana yake. Majirani zake wawili waliopima siku hiyo kwa mizani hiyo hiyo, hadi naandika haya, bado hawajapata zao. Maombi yao yalishafungwa.