Kipimo cha Kusoma Kisigeuzwe Kipimo cha Kiingereza

Ni ada yetu humu nchini kumwita mtu msomi au mbumbumbu kwa kutazama vyeti vyake. Aliyemaliza kidato cha nne hudhaniwa kwamba hawezi kushindwa na karatasi yoyote. Ambaye hakubahatika kuingia darasani huhesabiwa kuwa hana lake. Dhana hii inafaa kutupiliwa mbali, na walimu ndio wanaopaswa kutangulia.

Shirika la OECD, ambalo wanachama wake wengi ni mataifa tajiri, huendesha uchunguzi uitwao PIAAC wa kupima stadi za watu wenye umri wa miaka 16 hadi 65. Mtahiniwa hapimwi kwa shahada zake. Hupewa matini za kila siku, kama vile tangazo, barua au jedwali, kisha akatakiwa kutafuta habari fulani humo. Matokeo ya awamu ya pili, yaliyotolewa Desemba 2024, yalihusu nchi na maeneo 31. Katika nchi za OECD, kwa wastani, takriban mtu mzima mmoja kati ya wanne alikuwa katika kiwango cha kwanza cha kusoma au chini yake. Na hizo ni nchi ambazo watoto hulazimishwa na sheria kwenda shule!

Baadhi ya maswali ya mfano yamo katika intaneti, nami niliyajibu kwenye tarakilishi yangu. Moja linahusu kanuni za shule ya chekechea: mtoto afikishwe shuleni kabla ya saa ngapi? Jawabu ni 10:00 asubuhi, lakini katika kanuni hizo hizo imetajwa saa nyingine, ya staftahi, inayoweza kumnasa asiyesoma kwa makini. Ni swali jepesi. Hata hivyo, hebu tujaribu kulifasiri kwa Kiswahili. Je, tuandike 10:00 au saa nne? Mswahili huanza kuhesabu saa za mchana kunapopambazuka. Tukiiacha 10:00 tumemtwika hesabu ya kupunguza sita ndani ya swali la kusoma. Tukiandika saa nne, hilo si swali lile lile tena. Ikiwa kanuni fupi za chekechea zina utata huu, seuze mkataba wa mkopo?

Waandalizi wa PIAAC wanalitambua jambo hili. Mjapani hupimwa kwa Kijapani. Finland, ambayo pamoja na Japani ni miongoni mwa nchi zinazoongoza, huwapima watu wake kwa Kifini na Kiswidi. Mkenya anayetaka kujipima kwa maswali hayo hujikuta akiyajibu kwa Kiingereza, kisha matokeo yakasemwa kuwa ni ya kusoma. Yupo mama anayelisoma gazeti hili ukurasa kwa ukurasa, lakini akishika kijikaratasi cha dawa ya mwanawe kilichoandikwa kwa Kiingereza kitupu anakwama. Nani aliyefeli hapo, mama au aliyekiandika?

Nitaambiwa kwamba Kiingereza ndicho lugha ya kazi na biashara. Sikatai. Kipimwe, lakini kwa jina lake. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili lugha ya taifa, na tena lugha rasmi sawa na Kiingereza.

Kenya iliwahi kuwapima watu wazima badala ya kuwauliza tu kama wanajua kusoma. Uchunguzi wa kitaifa wa 2006, ambao ripoti yake ilitolewa 2007, ulionyesha kwamba asilimia 61.5 walikuwa wamefikia kiwango cha chini kinachohitajika cha kusoma na kuandika. Tangu hapo mtoto aliyezaliwa mwaka huo amekwisha kuwa mtu mzima.

Shuleni nako, ufahamu wa Kiswahili bado ni hadithi ya yatima na maswali ya maana ya msamiati. (Sina ugomvi na mayatima.) Ni mara ngapi mwanafunzi hupewa bili ya umeme, ratiba ya chanjo, notisi ya chifu au masharti ya mkopo wa simu, akaulizwa atalipa kiasi gani akichelewa kwa wiki mbili?

Uchunguzi mwingine ukiandaliwa, maswali yatungwe kwa Kiswahili tangu mwanzo, si kufasiriwa dakika za mwisho, na walimu wa madarasa ya ngumbaru wawemo katika jopo la watungaji kabla ya wataalamu wa takwimu kuitwa.